Huyo wa shaba si Buddha: Mfahamu Mahavira kwa alama zake

Ukipewa sanamu ndogo ya shaba ya mtu aliyeketi, miguu amekunja, viganja vimelala mapajani, kitu cha kwanza utakachoambiwa ni kwamba huyo ni Buddha. Wewe tulia. Tazama kifuani kwanza. Ukiona alama ndogo ya pembe nne, kama ua, katikati ya kifua, basi huyo ni Tirthankara, mmoja wa walimu 24 wa dini ya Wajaini. Wa mwisho wao anaitwa Mahavira, na ukijua maisha yake, sanamu yake haitakusumbua tena.

Kwa hesabu ya Wajaini, alizaliwa mwaka wa 599 K.K. karibu na Vaishali, kwenye jimbo la Bihar la leo, India. Baba yake, mtawala, aliitwa Siddhartha, jina lile lile la kuzaliwa la Buddha. Ndiyo maana watu huchanganya! Mtoto akaitwa Vardhamana, yaani anayeongezeka, kwa kuwa mali ya boma ilizidi tangu mimba yake.

Sasa sikia alichofanya na hiyo mali. Wazazi walipofariki alitaka kuondoka. Kaka yake akamsihi angoje, akangoja miaka miwili. Alipofika 30 akagawa kila kitu, akang'oa nywele zake kwa mkono, akashika njia. Sisi tulioacha chuo tunajiona wajasiri. Huyu aliacha jumba zima. Wajaini wa Shvetambara husimulia kwamba alibaki na kitambaa kimoja kwa miezi 13, kisha nacho kikaenda. Kwa hivyo sanamu iliyo uchi kabisa haijakosewa na fundi. Na ile mikono mitupu ina maana yake: hana kitu.

Miaka 12 na zaidi alitembea peku, akifunga kula. Eneo la Ladha watu walimfungulia mbwa na kumpiga fimbo, naye hakurudisha hata kofi. Kuna wakati alikataa chakula karibu miezi sita, hadi alipokutana na Chandana, binti wa kifalme aliyeuzwa utumwani, kichwa kimenyolewa, miguu ina minyororo, mkononi ana ungo wenye dengu. Akapokea kwake. Baadaye Chandana akawa kiongozi wa watawa wa kike. Zama zile, hebu waza!

Akiwa na miaka 42, chini ya mti kando ya mto Rijupalika, akafikia ujuzi kamili. Miaka 30 iliyobaki alifundisha: usidhuru kiumbe chochote, na usilimbikize mali.

Turudi kwenye shaba. Alama ya Mahavira ni simba, na hapa ndipo wengi huteleza. Simba wawili, mmoja kila upande wa kiti, ni wa kiti chenyewe; Tirthankara yeyote anaweza kuwa nao. Unayemtafuta ni simba mmoja, katikati, chini ya miguu yake. Ukikuta fahali hapo, huyo ni Rishabha, wa kwanza. Vichwa vya swila vimetanda juu kama mwavuli? Mara nyingi huyo ni Parshva, wa 23.

Hakuna mnyama? Geuza sanamu. Nyingi za India magharibi zina maandishi mgongoni: mwaka, aliyetoa sadaka, na pengine jina la Tirthankara mwenyewe. Mwaka huo ni wa kalenda ya Vikram, kwa hivyo toa 57 upate wetu kwa makadirio. 1550 inakuwa 1493. Na tafadhali, usiisugue kwa dawa ya kung'arisha. Uso uliolainika huenda ni kazi ya vizazi vya waumini walioiosha na kuipaka msandali. Kwao sanamu iliyowekwa wakfu si pambo la meza ya sebuleni.

Hapo ndipo penye uchungu. Mtu aliyekataa kumiliki hata kitambaa, leo anawekwa bei na kuuzwa, tena kwa jina la mwingine. Kumtambua ni heshima ndogo unayoweza kumpa, na haikugharimu hata shilingi.

Alifariki Pavapuri, Bihar, mwaka wa 527 K.K., akiwa na miaka 72. Wajaini husema watawala waliokuwepo waliwasha taa usiku ule kwa sababu mwanga mkubwa ulikuwa umezimika. Kwa hivyo Diwali ijayo, ukipita karibu na lile hekalu jeupe la marumaru la Langoni Road, Mombasa, utajua kwa nini Wajaini wanawasha taa: wanamkumbuka yeye.