Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi na Milango Sita ya Hesabu

Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi alizaliwa kiasi cha mwaka 780. Nisba yake ni ya nchi ya Khwarizm, iliyo kusini ya bahari ya Aral, lakini sifa yake ilienea kutoka Baghdad. Khalifa Al-Maamun, aliyeshika utawala mwaka 198 wa Hijra, yaani 813, alikuwa mpenzi mkubwa wa elimu, naye akawakusanya wanavyuoni katika Baitul Hikma. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wao. Aliandika juu ya falaki, juu ya sura ya dunia na miji yake, na juu ya tarakimu za Kihindi. Lakini kitabu kilicholidumisha jina lake ni kile cha Al-Jabr wal-Muqabala.

Kitabu hiki hakukitunga kwa ajili ya kujifaharisha. Khalifa alimhimiza aandike kwa ufupi mambo ambayo watu huyahitaji katika mirathi na wasia, katika ushirika na biashara, na katika kupima mashamba na kuchimba mifereji. Maana mtu akifa, akaacha warithi, deni na wasia, kosa dogo la hesabu humnyima yatima haki yake, na kadhi mwenye nia njema aweza kudhulumu bila ya kukusudia.

Kabla yake watu wa Babeli, Wayunani na Wahindi walikwisha kufumbua maswali mengi ya namna hiyo. Al-Khwarizmi aliyatazama yote, akaona kuwa hujengwa kwa vitu vitatu tu: namba tupu, mzizi, nao ndio usiojulikana, na mali, yaani mzizi uliozidishwa kwa nafsi yake. Basi akayagawa katika milango sita. Mitatu ni ya kitu kimoja kulingana na kimoja, na mitatu ni ya vitu viwili kulingana na cha tatu. Swali likija, kwanza husawazishwa kwa njia mbili. Jabr ni kukirejesha kilichopungua, kama aungaye mfupa. Muqabala ni kuvikabilisha vilivyo sawa pande mbili na kuviondoa. Baada ya hapo swali huingia katika mlango wake, na kila mlango una kanuni yake.

Mfano wake mashuhuri ni huu: mali moja na mizizi 10 ni sawa na 39. Chukua nusu ya 10, nayo ni 5. Izidishe kwa nafsi yake, upate 25. Ongeza 39, iwe 64. Mzizi wa 64 ni 8. Toa 5, hubaki 3, nayo ndiyo jawabu. Kwa kuwa 3 mara 3 ni 9, na mizizi 10 ni 30, jumla yake ni 39. Wala hakutosheka na kuamuru, bali alichora miraba kuonyesha sababu ya kanuni hiyo. Yote aliyaeleza kwa maneno matupu, bila ya alama. Kisha sehemu kubwa ya kitabu akaiweka kwa masuala ya wasia na mirathi.

Alifariki kiasi cha mwaka 850. Mwaka 1145 kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini katika mji wa Segovia, Uhispania, na kutokana na neno jabr Wazungu wakapata jina la aljebra. Na jina lake mwenyewe likazaa neno algorithimu, yaani utaratibu wa hatua kwa hatua. Omar Khayyam, aliyefariki mwaka 1131, aliufuata mwendo wake, akapanga namna 25 za maswali, yakiwamo yale ya mzizi uliozidishwa mara tatu. Na mwaka 1945, huko Marekani, Eilenberg na Mac Lane waliweka elimu ya kupanga si maswali tu, bali matawi ya hesabu yenyewe, na kuonyesha jinsi yanavyohusiana.

Al-Khwarizmi aliacha mpango ambao mwanafunzi wa kawaida aweza kuushika, na kwa huo kila mrithi akapewa fungu lake. Mwenyezi Mungu amrehemu.