Habari za Daktari Thomas Crean

Thomas Joseph Crean alizaliwa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, tarehe 19 Aprili 1873. Alisomeshwa na mapadre Wajesuiti katika shule ya Clongowes Wood, kisha akajifunza udaktari mjini mwake. Mwaka 1891, naye angali kijana wa miaka 18, alimwokoa baharini mwanafunzi mmoja aliyekuwa akizama, akapewa nishani.

Lakini wengi walimjua kwa ragbi, yaani mpira uchukuliwao mikononi, ambao wachezaji wake hukamatana na kuangushana kwa nguvu. Aliichezea nchi yake mara 9, tangu 1894 hata 1896. Mwaka ule wa 1896 alifuatana na wachezaji wa Visiwa vya Uingereza kwenda Afrika ya Kusini. Wenzake waliporejea kwao, yeye alibaki Johannesburg akawatibu wagonjwa.

Mwaka 1899 vita vilizuka baina ya Waingereza na Makaburu. Crean aliingia vitani kwanza kama askari, mwenye bunduki kama askari wengine. Baadaye aliwekwa kuwa daktari wa kikosi chake, na hapo ndipo moyo wake ulipojaribiwa kweli.

Tarehe 18 Desemba 1901, mahali paitwapo Tygerskloof, watu wa jemadari De Wet waliwapiga risasi kwa karibu sana, umbali wa yadi 150 tu. Majeruhi walikuwa mbele kabisa. Crean aliwaendea, akawafunga vidonda. Risasi ikampata, hakurudi nyuma, akaendelea na kazi yake. Aliacha alipopigwa mara ya pili, hata ikadhaniwa kwamba atakufa.

Alipona, na mwaka 1902 Mfalme Edward VII akampa Msalaba wa Viktoria. Katika vita vya 1914 alirudi tena kuwatumikia majeruhi, mpaka afya yake ikaharibika. Alifariki London tarehe 25 Machi 1923, hajatimiza miaka 50, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki.

Basi, walimu, vijana wetu wapendao mpira na waisikie habari hii. Mwili ule wenye nguvu haukudumu. Lakini siku ile ya Tygerskloof, Crean hakuutumia kumwangusha mtu. Aliutumia kwa ajili ya wale walioanguka.