Vishnu Narayan Bhatkhande (1860-1936)

Mwanafunzi, usiandike kwamba Bhatkhande alivumbua raga. Raga zilikuwako karne nyingi kabla yake. Yeye alizikusanya na kuziandika. Tofauti hiyo ina alama zake.

Alizaliwa Bombay, siku hizi Mumbai. Alisomea sheria akawa wakili, huku akijifunza kuimba na kupiga sitar. Mkewe alifariki, kisha binti yake. Baada ya misiba hiyo aliacha uwakili, akabaki na muziki.

Hapa soma polepole. Enzi hizo nyimbo za Kaskazini mwa India zilihifadhiwa vichwani mwa mabingwa, waliowarithisha wana wao na wanafunzi wateule tu. Bingwa akifa bila mrithi, nyimbo zake zilizikwa naye. Bhatkhande alisafiri mji hadi mji, akawasihi mabingwa wamwimbie, akazinakili nyimbo kwa mfumo wa nota aliouunda mwenyewe. Wapo waliomkatalia. Nawe jiulize: ungempa mgeni bure riziki ya ukoo wako? Alizokusanya zilichapishwa katika juzuu 6 za Kramik Pustak Malika. Aidha, alizigawa raga katika makundi 10 yaitwayo thaat, jinsi unavyopanga mashairi kwa bahari. Kuna raga zisizotoshea vizuri humo, na wanamuziki wangali wanabishana.

Mwaka wa 1926 alishiriki kuanzisha chuo cha muziki mjini Lucknow, ambako hata asiyezaliwa katika ukoo wa waimbaji aliweza kufunzwa. Alipooza mwaka wa 1933, akafariki miaka 3 baadaye. Leo chuo hicho kinaitwa kwa jina lake.