Padri Taylor: Mmisionari aliyejifunza utungo kwa Mwislamu wa Mombasa

Miongoni mwa Wazungu waliofika Mombasa katika karne ya 19, ni wachache waliokubali kufundishwa na wenyeji kama Padri William Ernest Taylor.

Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka 1856 na kusoma Oxford, aliwasili pwani mwaka 1880 akiwa mmisionari wa CMS. Miaka mitano kabla, chama hicho cha Kianglikana kilikuwa kimeanzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, kuwa makao ya watumwa waliokombolewa.

Waliotafsiri nyimbo za ibada na kuzifuatisha sauti za Kiingereza walikabiliwa na tatizo la mkazo. Neno la Kiswahili hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali mstari wa wimbo wa Kiingereza mara nyingi huishia kwa silabi iliyokaziwa. Mwimbaji hulazimika kukazia pasipostahili, na neno likapoteza ladha.

Sanaa ya kuliepuka tatizo hilo ilikuwapo Mombasa kwenyewe. Taylor aliipata kwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, Mwislamu, mshairi na mjuzi wa Kimvita. Katika utungo wa Waswahili, mstari wa shairi huwa na mizani 16 iliyogawanywa nusu kwa nusu, na kipande cha utenzi huwa na mizani minane. Vina huufunga ubeti, na utungo wenyewe hutungwa ili uimbwe.

Baada ya kujifunza hayo, padri huyo alitunga tungo za Kikristo kwa Kimvita na kuhubiri Injili sokoni. Hata hivyo, Waislamu wa Mombasa walioacha dini yao walikuwa wachache mno. Aliyekuja kufundisha alivuna zaidi kwa kufundishwa.

Mavuno hayo yalikuwa makubwa. Mwaka 1891 alichapisha mkusanyiko wa methali za Kiswahili. Kabla Sikujua hajafariki mwaka 1890, wawili hao walikuwa wameandika tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita aliyefariki yapata nusu karne kabla. William Hichens alizitoa katika kitabu mwaka 1940. Al-Inkishafi, iliyohaririwa na Taylor, ilichapishwa mwaka 1915 ndani ya kitabu cha Stigand.

Taylor alifariki Uingereza mwaka 1927. Mwaka uliofuata, mkutano uliofanyika Mombasa hiyohiyo uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kimvita alichokipenda kikasukumwa kando katika vitabu vya shule na vya ibada.

Leo hati zake zimehifadhiwa katika Chuo cha SOAS, London. Pasipo Sikujua, padri huyo asingeupata ufundi wa malenga wa Mvita. Na pasipo ushirika wao, tungo nyingi za Muyaka zingezikwa pamoja na wazee waliozihifadhi vifuani.