Charles Richet: mganga aliyetafuta kinga akakuta kifo

Muuguzi anapomuuliza mgonjwa kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, kabla ya kumchoma sindano ya penisilini, anafuata somo lililotoka Paris mwaka wa 1902. Mwenye somo hilo ni Charles Richet, profesa Mfaransa aliyepewa zawadi ya Nobel ya uganga mwaka wa 1913. Kazi yake imeokoa watu wa kila rangi, ingawa yeye mwenyewe hakuwaona watu wote kuwa sawa.

Richet alizaliwa Paris mwezi wa nane 1850. Baba yake, Alfred Richet, alikuwa profesa wa upasuaji mjini humo. Mtoto naye alisoma uganga, lakini hakuvutwa sana na kisu. Alitaka kujua namna mwili unavyofanya kazi: joto lake, pumzi yake, damu yake. Mwaka wa 1887 akawa profesa wa fiziolojia kwenye kitivo cha uganga cha Paris.

Wakati ule waganga wa Ulaya walikuwa na tumaini kubwa. Louis Pasteur alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mdudu wa ugonjwa akidhoofishwa anaweza kuufundisha mwili kujilinda. Mwaka wa 1888, Richet na mwenzake Jules Héricourt waliona kwamba damu ya mbwa aliyepona ugonjwa wa bakteria inaweza kumkinga sungura. Tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili 1890 walimchoma mtu sindano ya maji ya damu, yaani yale yanayobaki damu ikiisha kuganda. Walitaka kutibu kifua kikuu, lakini njia hiyo haikuponya ugonjwa huo. Mwezi uleule, huko Ujerumani, Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato walitangaza kazi yao juu ya pepopunda na dondakoo. Sifa zikaenda kwao.

Bahati ya Richet ilitoka baharini. Mwaka wa 1901 alisafiri katika meli ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco aliyependa sana elimu ya bahari. Pamoja naye alikuwamo mtaalamu kijana, Paul Portier. Katika Atlantiki kuna mnyama anayeelea kama kifuko, mwenye nyuzi ndefu zinazochoma ngozi kuliko upupu. Albert aliwashauri wachunguze sumu yake. Waliporudi Ufaransa hawakumpata tena mnyama huyo, basi wakaendelea na mwingine wa pwani, aktinia, ambaye naye ana sumu.

Walitoa sumu hiyo kwa mbwa ili wapime ni kiasi gani kinaua. Mbwa waliobaki hai waliwekwa wapumzike, kisha wakachomwa tena. Mmoja wao aliitwa Neptune, mbwa mkubwa mwenye nguvu. Sindano ya kwanza haikumfanya kitu. Siku 22 baadaye, akiwa mzima kabisa, alipewa kiasi kilekile. Baada ya sekunde chache alianza kuhema, akaanguka ubavu, akaharisha, akatapika damu. Dakika 25 hazikupita bila yeye kufa.

Kila mtu angetazamia kwamba sindano ya kwanza imemzoesha. Ilikuwa kinyume. Mwili uliikumbuka sumu, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomuua. Tarehe 15 mwezi wa pili 1902, Richet na Portier walilieleza jambo hili mbele ya Chama cha Biolojia cha Paris. Kwa kuwa lilikuwa kinyume cha kinga, Richet alilitungia jina kutoka Kigiriki: anafilaksi. Mwaka wa 1907 alionyesha pia kwamba maji ya damu ya mbwa wa namna hiyo yakitiwa katika mbwa mzima, huyo naye anakuwa hatarini.

Mlango ukawa wazi. Mwaka wa 1906, Clemens von Pirquet wa Vienna alileta neno aleji. Huko Paris, Alexandre Besredka wa Taasisi ya Pasteur alionyesha kwamba vipimo vidogo vidogo vinaweza kuzuia mshtuko. Mwaka wa 1911, Leonard Noon wa London alitangaza matibabu ya watu wanaougua mafua ya unga wa maua ya majani: aliwachoma unga uleule, kidogo sana kwanza, kisha akazidisha polepole. Matibabu hayo yanaendelea hadi leo. Mgonjwa hubakizwa hospitalini kwa muda baada ya sindano, kwa sababu yaliyompata Neptune yanaweza kumpata mtu pia. Baadaye waganga walielewa pia kwamba kuna magonjwa ambamo kinga hushambulia viungo vya mwili wake wenyewe. Hayo si anafilaksi, lakini fundisho linakaribiana: mlinzi anaweza kumgeukia mwenye nyumba.

Richet hakukaa katika maabara tu. Aliandika mashairi na michezo ya kuigiza, alimsaidia Louis Bréguet katika majaribio ya chombo cha kuruka mwaka wa 1907, na alipigania amani kati ya mataifa. Aliamini pia habari za mizimu, na watu wengi walimcheka.

Kuna upande mweusi zaidi. Richet aliongoza chama cha Ufaransa kilichotaka kuchagua watu wanaofaa kuzaa. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1919 juu ya uchaguzi wa binadamu, aliwaweka watu weusi chini ya weupe na kupinga ndoa kati yao. Aliyezoea kupima kila kitu kwa majaribio, hapa hakupima kitu: alirudia chuki ya wakati wake na kuivika nguo za sayansi.

Alikufa Paris tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 1935, akiwa na miaka 85. Mwaka wa 2015, hospitali ya Villiers-le-Bel, karibu na Paris, iliyokuwa na jina lake, ilibadilishwa jina kwa sababu ya maandishi hayo.

Neno anafilaksi limebaki. Mtoto anayevimba uso na kukosa pumzi baada ya kuumwa na nyuki, awe Bukavu au Paris, anahitaji dawa ileile: adrenalini, haraka, kwenye msuli wa paja.