Ian Donald: daktari aliyepima mtoto tumboni kwa mwangwi

Mama mjamzito wa Nyasubi anapotoka kupima ultrasaundi katika mwezi wa nane au wa tisa, mara nyingi karatasi aliyopewa ina namba ya kilo. Namba hiyo hufika nyumbani kabla hata yeye hajakaa chini. Mtoto ni mkubwa, atapita? Mtoto ni mdogo, ana shida gani? Mume anauliza, mama mkwe anauliza, na majirani nao wana la kusema.

Leo tunawaletea habari za maisha ya Profesa Ian Donald, daktari wa wajawazito aliyeongoza kazi iliyozaa kipimo hiki. Ukijua kilianzaje, utajua pia uisome vipi karatasi yako.

Kutoka Cornwall hadi Cape Town

Ian Donald alizaliwa Desemba 1910 katika mji mdogo wa Liskeard, jimbo la Cornwall, Uingereza. Alitoka katika ukoo wa madaktari wenye asili ya Scotland. Akiwa bado kijana, familia ilihamia Afrika Kusini na akasoma Cape Town. Huko alifiwa na wazazi wake wote wawili.

Alirudi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1930, akasomea udaktari katika hospitali ya St Thomas, London, na kuhitimu mwaka 1937.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na jeshi la anga la Uingereza kama daktari. Alipata nishani ya ushujaa kwa kuwaokoa wanajeshi kutoka kwenye ndege iliyokuwa ikiwaka moto huku ndani kukiwa bado na mabomu. Jeshini ndiko alikokutana na rada na sona. Rada hugundua ndege ya mbali kwa mawimbi ya redio. Sona hutuma sauti majini, sauti ikigonga nyambizi inarudi, na muda iliotumia kurudi unaonyesha umbali.

Msikilizaji, kanuni hiyo unaijua. Piga kelele kwenye shimo refu au mbele ya mlima wa mawe, sauti yako itakurudia. Huo ndio mwangwi. Ultrasaundi hutumia sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliisikii. Inapenya mwilini, inagonga mfupa, nyama au maji, kisha inarudi.

Vivimbe ndani ya buti la gari

Mwaka 1954 Donald alipewa uprofesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland. Glasgow ulikuwa mji wa viwanda, wa meli na mabomba makubwa ya mvuke. Karibu na mji huo, eneo la Renfrew, kiwanda cha Babcock & Wilcox kilitengeneza mitambo ya mvuke. Mafundi wake walikuwa na mashine ya kutuma sauti ndani ya chuma ili kujua kama kuna ufa usioonekana kwa macho.

Donald akajiuliza: kama sauti inaonyesha ufa ndani ya chuma, je, haiwezi kuonyesha uvimbe ndani ya tumbo?

Julai 1955 alipakia vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa kwenye upasuaji, akavipeleka kiwandani kwa gari. Vingine vilikuwa vya nyama ngumu, vingine vya maji. Mafundi walitoa pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Walipopima, mwangwi ulitofautiana: uvimbe wa maji ulijionyesha tofauti na ule wa nyama.

Fundi kijana aitwaye Tom Brown, wa kampuni ya vifaa ya Kelvin & Hughes, alisikia habari za profesa huyo akamtafuta mwenyewe. Yeye, Donald na daktari John MacVicar wakawa timu moja. Kwa hiyo mashine hii haikutengenezwa na daktari peke yake. Mkono wa fundi wa kiwandani umo.

Mwanzoni wapo madaktari waliowacheka. Kisha akaletwa mwanamke aliyekuwa amevimba tumbo, ambaye madaktari walikuwa wameamua ana saratani isiyotibika. Kipimo cha Donald kilionyesha maji mengi yaliyozungukwa na ukuta, yaani uvimbe wa maji wa kifuko cha mayai. Ulitolewa kwa upasuaji, na mama yule akapona. Juni 1958 timu hiyo ilichapisha matokeo yake katika jarida la tiba la The Lancet.

Kichwa ndicho kilichopimwa kwanza

Katika kazi hiyo waligundua kwamba fuvu la mtoto aliye tumboni hurudisha mwangwi wa wazi sana. Ukipata mwangwi wa upande huu wa kichwa na wa upande ule, unaweza kupima upana wake. Mwaka 1964 daktari James Willocks, Donald na wenzao walichapisha kazi yao ya kupima kichwa cha mtoto namna hiyo.

Kabla ya hapo daktari alikuwa na mikono yake, futi ya kushonea ya kupimia tumbo, na picha ya eksirei. Eksirei ilikuwa imeanza kutiliwa shaka. Mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Uingereza alionyesha kuwa watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walipata saratani zaidi ya wengine. Ultrasaundi haina mionzi hiyo.

Baadaye Stuart Campbell, aliyefanya kazi Glasgow chini ya Donald, aliboresha kipimo cha kichwa. Mwaka 1975 yeye na mwenzake walionyesha jinsi ya kukisia uzito kwa kupima mzunguko wa tumbo la mtoto. Tumbo lina maana kwa sababu ndani yake kuna ini, na mtoto asiyepata chakula cha kutosha kupitia kondo la nyuma ini lake huwa dogo. Leo mashine nyingi huchanganya vipimo vya kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha hukokotoa kilo.

Mashine haina mizani

Hapa ndipo maisha ya Donald yanapotufundisha. Tangu siku ya kwanza kifaa chake kilipima umbali kati ya mwangwi na mwangwi. Hakikuwahi kumpima mtoto kilo. Kilo zilizo kwenye karatasi ni hesabu inayotokana na urefu na mizunguko.

Hesabu hiyo mara nyingi hupishana na uzito halisi kwa asilimia 10 hivi, na wakati mwingine zaidi. Karatasi ikisema kilo 4, mtoto anaweza kuzaliwa na kilo 3.6 au 4.4. Mwezi wa tisa kazi ni ngumu zaidi: kichwa kimeshashuka kwenye nyonga, mtoto amebanana, na maji yanaweza kuwa yamepungua.

Vivyo hivyo kwa tarehe ya kujifungua. Ultrasaundi ya mwisho wa mimba inaweza kukosea kwa wiki mbili hadi tatu, kwa kuwa watoto wa umri mmoja hutofautiana ukubwa. Ndiyo maana tangu 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mama apimwe ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Ukienda mapema, hata ukiwa unatoka mbali huko Msalala au Ushetu, kipimo cha baadaye kinapata cha kulinganishiwa.

Kwa hiyo mama, ukiambiwa mtoto ni mkubwa, usikimbilie kujifungulia nyumbani kwa kuogopa kisu. Mtoto mkubwa anaweza kukwama mabega, na hapo anahitajika mhudumu mwenye ujuzi. Ukiambiwa ni mdogo, rudi kwa tarehe uliyopangiwa, kwa sababu vipimo viwili vilivyoachana wiki kadhaa huonyesha kama anakua. Muulize daktari: mbali na kilo, nini kingine mmeona? Sukari, presha, uzazi uliopita na mlalo wa mtoto vyote vinahesabiwa.

Ukitokwa na damu, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, maji yakivunjika au mtoto akipunguza kucheza, nenda kituo cha afya mara moja, hata kama karatasi inasema mtoto yuko sawa.

Miaka ya mwisho

Donald alisaidia kuanzishwa kwa hospitali ya wazazi ya Queen Mother's, iliyofunguliwa Glasgow mwaka 1964. Yeye mwenyewe aliugua moyo kwa miaka mingi na alipasuliwa zaidi ya mara moja, lakini aliendelea kufanya kazi hadi alipostaafu mwaka 1976. Alifariki Juni 1987 akiwa na miaka 76.

Nenda na kadi yako ya kliniki kila unapopimwa, na majibu ya ultrasaundi ya kwanza usiyatupe.