McIndoe na Mkono wa Mwanagenzi

Mkono wa daktari mpasuaji haufundwi kwa vitabu pekee. Hufundwa juu ya mwili wa binadamu aliye hai, na hapo ndipo penye mtihani: ni nani atakayeridhia kuwa ubao wa mwanagenzi? Maisha ya Archibald McIndoe yanatupa jibu litufaalo sisi walimu.

Alizaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka wa 1900. Alipofika London mwaka wa 1930 hakuwa na kazi. Aliyempokea ni jamaa yake, Harold Gillies, ambaye tangu Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa akiziunda upya nyuso za wanajeshi waliojeruhiwa. McIndoe alikuwa tayari mpasuaji wa tumbo aliyefunzwa Marekani, lakini alikubali kuwa mwanafunzi tena.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka wa 1939, Uingereza ilikuwa na mabingwa wanne tu wa fani hiyo. McIndoe alipelekwa East Grinstead, ambako marubani walioungua nyuso na mikono walipelekwa kutibiwa. Alipoona kuwa walioangukia baharini hupona vyema zaidi, alianza kuwaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi. Ngozi aliipandikiza kwa awamu, upasuaji baada ya upasuaji. Isitoshe, aliwaruhusu wagonjwa kutazama wenzao wakipasuliwa, wajue yatakayowafika. Mwaka wa 1941 wagonjwa hao waliunda chama, wakakipa jina la mnyama wa majaribio ya maabara. Jina hilo lilikuwa mzaha, lakini pia lilikuwa ridhaa.

Baada ya vita, Michael Wood wa Nairobi na Tom Rees wa Marekani walijifunza kwake. Mwaka wa 1957 watatu hao waliasisi shirika la AMREF, lililoanza kwa kuwapeleka madaktari vijijini kwa ndege. McIndoe alifariki mwaka wa 1960; ujuzi wake ukabaki mikononi mwa wengine.

Naamini kuwa mgonjwa humvumilia mwanagenzi iwapo ameambiwa ukweli na bingwa amesimama kando. Nasi kila mwaka huwatuma walimu wanagenzi madarasani, wakajifunze kazi kwa watoto wa watu. Watoto hao hawakuulizwa. Je, huwa tunaketi nyuma ya darasa hadi kipindi kiishe, au hutia sahihi fomu tukaenda zetu?